Mama Mkwe na Mabati ya Mama Imalingat

Kabla ya kulipia chumba cha tano, Norah alikikagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Alifunga mlango akaufungua. Alisimama kizingitini akatazama upande wa chumba chake mwenyewe, cha pili kutoka geti, akaona kwamba mtu akitoka huku haonani na anayetoka kule mpaka mmoja wao ageuze shingo kwa makusudi. Akatembea kutoka cha tano hadi bafuni, akarudi, akatembea kutoka cha pili hadi bafuni, akichunguza kama njia hizo mbili zinaweza kukutana. Zilikutana penye tanki la maji tu, na hapo mtu husikia miguu ya mwenzake akasubiri. Katikati kulikuwa na vyumba vingine viwili, yaani kuta tatu nzima za matofali ya kuchoma. Akaridhika, akalipa, akapewa ufunguo.

Kitu kimoja hakukifanya. Hakutazama juu.

Ploti hiyo ya Mama Imalingat iko Busia upande wa Uganda, nyuma ya soko, karibu sana na mpaka, kiasi kwamba simu ikisahauliwa dirishani inaamka imekwisha karibishwa Kenya na mtandao wa huko. Ni safu ya vyumba sita vinavyotazamana na nyumba ya mwenye ploti. Cha kwanza ni duka la unga. Cha pili alikaa Norah na mumewe Okedi na mtoto wao Laban. Cha tatu alikuwa Auma, Mjaluo anayeuza samaki wa Majanji. Cha nne alikuwa Jacktone, kijana Mkenya wa kushughulikia mizigo ya malori, ambaye alihamia Uganda kwa sababu ya kodi na kila asubuhi akavuka kurudi kwao kufanya kazi. Cha sita, mwishoni kabisa, alikuwa Ochwo, Mjapadhola wa Iyolwa, fundi wa mageti. Asubuhi mtu akitoka kuchota maji alisalimiwa kwa lugha nne kabla ndoo haijajaa, na zote alizijibu.

Chumba cha tano Norah alimkodia mama yake mzazi, Elinah, wa Buhehe. Na mtu ambaye kuta zile tatu zilipaswa kumtenga na Elinah hakuwa mwizi wala adui. Alikuwa Okedi.

Hao wawili hawakuwa na ugomvi hata chembe. Walipendana sana, kwa mbali. Elinah tangu siku ya mahari hakuwahi kulitamka jina la mkwewe. Akimtaja alisema "mwenzako" au "yule wa Tororo". Okedi naye akisikia mama mkwe amekuja sokoni, alizungusha baiskeli yake njia ndefu ya huko kwenye maegesho ya malori, anakotengeneza matairi, hata kama njaa inamuuma. Kwa Wasamia wa kina Elinah ndivyo na kwa Wateso wa kina Okedi ndivyo. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na kubwa kuliko yote, hawalali nyumba moja. Norah hakuhitaji kufundishwa hilo. Ndiyo maana alihesabu kuta.

Haraka yake ilitokana na Jumatatu. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa, na Norah, baada ya kusoma masomo ya jioni kwa tochi ya simu na tumbo la mimba likigonga dawati, alikuwa amepata kazi ya kufundisha chekechea. Mwalimu mkuu, Madamu Bridgit, alimwambia wazi, bila ukali:

"Mwalimu, mimi nakutaka. Unapendwa na watoto, nimeona. Lakini darasa langu limejaa, sina nafasi ya mwanafunzi wa mgongoni. Jumatatu uje mikono mitupu. Usipoweza, nitamwita yule aliyekufuata."

Shule ilikuwa karibu. Saa ya uji angeweza kukimbia kuja kunyonyesha. Kilichokosekana ni mikono ya kumshika Laban. Msichana wa kwanza waliyempata alikwenda kwao kwenye msiba akaolewa hukohuko. Wa pili alikuwa mzuri, ila alipenda simu kuliko mtoto. Ndipo Elinah alipotuma ujumbe kutoka Buhehe: "Mahindi nimevuna. Nitafutieni pa kulala, nakuja kumlea mume wangu." Mume wake ndiye Laban, kwa sababu alipewa jina la marehemu babu yake, mume wa Elinah.

Alifika Alhamisi mchana, amekaa nyuma ya baiskeli ya boda, godoro limefungwa juu ya boda nyingine, kuku jike mwekundu kwapani. Norah alimkimbilia getini kwa salamu ya Kisamia.

"Mulembe, mama!"

"Mulembe, mwanangu. Mtoto anakula? Chumba ni kipi?"

"Kile pale, chenye mlango wa buluu. Na sisi tuko huku, mbali. Hata kukohoa hamtasikiana."

Elinah aliutazama mlango wa buluu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha macho yake yakapanda. Yakafika kwenye mabati, yakaanza kusafiri polepole juu ya mlango wa tano, juu ya wa nne, juu ya wa tatu, mpaka yakatua juu ya mlango wa Norah. Akarudisha mguu mmoja nyuma, akaweka mfuko wake chini, nje ya geti.

"Norah. Paa hili linaanzia wapi na kuishia wapi?"

Hapo ndipo Norah alipotazama juu. Mabati yalikuwa yamelala moja kwa moja kutoka duka la unga, marefu kama treni. Moyo ukamshuka hadi kwenye ndala.

"Mama, lakini kuta ni tatu."

"Kuta nimeziona, na nakushukuru. Mimi nauliza mvua. Ikinyesha usiku, inanigongea mimi na yule wa Tororo bati moja. Hiyo ni nyumba moja yenye milango mingi, mwanangu. Mimi humo silali."

Ploti haina siri. Auma alitoka na kisu cha kuparia samaki mkononi, Ochwo akatoka na miwani yake ya kuchomelea paji la usoni, na Jacktone, aliyekuwa amerudi kula, akaja na sahani.

"Mathe, karibu," alisema Jacktone. "Sasa sikiza, hii ni ploti, si boma. Town hakuna hayo mambo. Hapa kila mtu na kamlango kake."

"Nyamaza huko!" Auma alimdaka. "Mama mkwe wako akikupigia simu si unasimama wima? Juzi ulisimama katikati ya supu, kijiko hewani, 'ndio mama, ndio mama,' hata Mungu hujamwamkia hivyo."

Kicheko kikapasuka. Jacktone akatafuta mfupa wa kuguguna.

"Ile ni heshima tu," alisema.

"Na hii ni nini?" Elinah akauliza, na mjadala ukaanza rasmi.

Ochwo alisema kwao nyumba ni moto: kila mwenye jiko lake ana nyumba yake, na mama akileta jiko lake la makaa ndani ya chumba cha tano, imekwisha. Auma alisema kwao nyumba ni mlango na nguzo, lakini akakubali kwamba dada yake huko Kenya alikataliwa jambo kama hili na wakwe zake. Kila mmoja alikuwa na mkwe, kila mmoja alimwogopa kwa namna yake, ila walipofika kwenye swali la nyumba ni nini hasa, kila lugha ilikuja na jibu lake. Kelele zikamtoa Mama Imalingat. Alikuwa mjane mnene, Mteso, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Kwetu pia nyumba ni paa," alisema baada ya kuelezwa. "Huyu mama iko na haki. Wewe Mama Laban, mbona hapana uliza mimi?"

"Mama, ulinionyesha mwenyewe."

"Mimi nilionyesha chumba. Wewe uliuliza choo, uliuliza maji, uliuliza stima. Paa hapana uliza."

"Si tukate bati moja hapo katikati?" alisema Ochwo. "Nina msumeno wa chuma. Dakika chache tu, nyumba zinakuwa mbili."

"Bati ya marehemu?" Sauti ya Mama Imalingat ilipanda hadi kuku wa Elinah akashtuka. "Mzee alipanda juu mwenyewe, na mguu wake mbaya. Alipiga misumari mwenyewe. Ukikata, mvua ikiingia, mimi nitamwambia nini? Hapana. Bati ya mzee hapana kata."

Jacktone alijaribu mara ya mwisho, kwa upole zaidi. "Lakini Mathe, si umeokoka? Nimeona beji ya Mothers' Union."

Elinah alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza swali zuri mahali pabaya.

"Baba, nimeokoka na dhambi. Sikuokoka na aibu."

Mama Imalingat akamshika mgeni mkono, akamwingiza kwake, ambako wajukuu walikuwa wamejazana sebuleni kama viazi guniani. Angelala hapo kwa kujibana, siku chache tu. Elinah naye akasema lake: atangoja mpaka Jumapili. Baada ya ibada, kama hakuna nyumba, anarudi Buhehe. Hakusema kwa hasira. Alisema huku amemshika Laban shavuni, na Norah akaona jinsi kidole kile kilivyokuwa kizito kuondoka.

Jioni Okedi alipoelezwa, alikaa kwenye stuli akatazama mikono yake myeusi kwa mpira.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Mimi kazi yangu ni vitu vya chini. Nimekaa hapa mwaka mzima sijui hata bati ni la rangi gani." Akafikiri. "Nitalala kwenye malori. Madereva watanipa nafasi. Wewe uende shuleni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Laban atembee."

"Okedi, sikuolewa ili mume wangu alale chini ya lori."

"Juu ya lori," alisema Okedi. "Chini kuna mafuta."

Norah alicheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Ilikuwa hivi: akimwacha mama aende, anapoteza kazi, akimwacha mume aende, anapoteza nyumba. Na ile kazi haikuwa mshahara peke yake. Norah alikuwa ameahirisha shule mara ya kwanza kwa sababu ya kuuguza, mara ya pili kwa sababu ya karo, na alijua kwamba mtu akiahirisha mara ya tatu, huwa anaanza kuita kuahirisha kwake hekima.

Asubuhi ya Ijumaa mambo yaliharibika zaidi. Okedi alikuwa bafuni. Elinah, akidhani ameshakwenda kazini, alitoka nyumbani kwa Mama Imalingat na beseni kichwani na leso kifuani. Mlango wa bafu ulifunguka, Okedi akatoka na taulo. Walionana kwa muda wa kupepesa jicho. Okedi alijitupa ndani tena akafunga kwa komeo, na Elinah akatumbukia nyuma ya tanki, beseni likabingirika hadi getini. Kisha hakuna aliyesogea. Okedi hakutoka kwa sababu hakujua kama mama mkwe ameondoka. Elinah hakuondoka kwa sababu kuondoka kungempitisha mbele ya mlango wa bafu. Ploti nzima ilikuwa inapiga mswaki na kuwasubiri wamalizane. Mwishowe Jacktone, ambaye alikuwa na sabuni masikioni, alisimama katikati ya ua akaanza kuita kama makanga stendi:

"Mama mkwe anapita, mama mkwe anapita! Mkwe ukae ndani! Haya mama, njia nyeupe! Mkwe sasa teremka, teremka, kuna watu wanachelewa!"

Watu walicheka hadi wakashikilia kuta. Hata Elinah, nyuma ya mlango wa Mama Imalingat, Norah alimkuta amejifunika leso usoni, mabega yanatikisika. Lakini alipoifunua, macho yalikuwa na aibu.

"Umeona, mwanangu? Nimekuja kusaidia, nimegeuka mchezo. Sitaki yule kijana achelewe kazi yake kwa ajili yangu."

Mchana mbingu ikajikunja kutoka upande wa ziwa. Mvua ya Busia haibishi hodi. Ilianza kwa matone makubwa machache juu ya mabati, halafu ikamwagika yote, na kabla kelele zake hazijatulia ikasikika kelele nyingine iliyozoeleka pale: Ochwo akilaani.

"Tena! Tena kwenye godoro! Mama Imalingat, mimi nalipa kodi ya chumba au ya mtaro?"

Kila mvua ilikuwa hivyo. Chumba cha Ochwo kilivuja mahali pamoja tangu kijengwe. Norah alimfunga Laban mgongoni, akachukua beseni na kukimbia chini ya ukingo wa paa kwenda kumsaidia kusogeza kitanda. Ochwo alikuwa amesimama kitandani, ameinua sufuria kama anayepokea baraka. Maji yalikuwa yakishuka pale ukuta wake unapopakana na chumba cha tano.

"Shika hapo," alisema. "Hapana, huku. Unaona? Bati langu limejifichia chini ya bati kubwa. Fundi aliyelifanya alikuwa mlevi."

Norah aliinua uso kuelekeza beseni. Na juu, kati ya bati lile la juu na lile la chini, akaona mstari mwembamba wa mbingu ya kijivu.

Alibaki ameinua uso, maji yakimpiga shavuni.

"Ochwo, hili si bati moja?"

"Lingekuwa moja ningelowa?"

"Na ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Ukuta wako na wa chumba cha tano. Ni mmoja?"

"Ni miwili! Auma alidondosha kijiko pale katikati mwaka jana mpaka leo hajakitoa. Chumba changu kilijengwa baada ya mzee kufa. Mama aliogopa kuegemeza tofali kwenye kazi ya mzee, akaacha nafasi ya mkono. Ila mabati yalikuwa marefu, wakayachomeka tu chini ya yale mengine." Ochwo aliinua uso kulitazama paa. Sufuria ikaanza kufurika. "Ee, Mama Laban," alisema polepole. "Mimi nimelala kwenye nyumba yangu peke yangu miaka yote na sijui."

Norah alikwisha toka. Alivuka ua kwenye mvua, Laban akipiga kelele za furaha mgongoni, hadi kwa Mama Imalingat aliyekuwa amekaa mlangoni na Elinah wakichambua maharagwe.

"Mama, sitaki kukata bati la mzee," alisema kabla hata hajapumua.

"Vizuri. Mimi nakataa."

"Nataka kuvuta la kwako."

"La kwangu lipi?"

"La chumba cha Ochwo. Hicho hakujenga mzee, ulijenga wewe. Kina kuta zake. Paa lake limeingizwa tu chini ya lile kubwa, na ndiyo maana linavuja. Tukilivuta nje, tukalipunguza kidogo, tukaweka gata, mfereji wa bati, katikati, chumba kitakuwa kikavu, maji yataingia kwenye tanki lako, na Ochwo atanyamaza."

"Ochwo atanyamaza?" Mama Imalingat aliuliza, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na tamaa.

"Na yeye atahamia cha tano, mama yangu atakaa kile cha mwisho. Bati la mzee halitaguswa hata msumari."

Mama Imalingat aliweka ungo chini. Alikitazama chumba cha mwisho kupitia mvua, muda mrefu, kama anakiona kikijengwa.

"Hicho nilijenga na pesa ya kuuza pombe," alisema. "Watu walisema mwanamke hapana weza. Nikaweza. Lakini kila mtu anasema, ploti ya mzee, ploti ya mzee." Akacheka kidogo puani. "Sasa itakuwa nyumba kabisa. Nyumba ya mimi."

Norah akamgeukia mama yake. Huyo ndiye aliyekuwa jaji.

Elinah alitupa kwanza maharagwe mawili matatu mabovu.

"Nyumba, kwangu mimi, ni pale ambapo maji yake yanaanguka yenyewe," alisema. "Nionyeshe maji yakianguka mahali pawili, nitaingiza mfuko wangu. Yakianguka pamoja, Jumapili naenda."

Jumamosi jua lilitoka kali, na ploti ikawa kiwanda. Okedi aliomba ruhusa kazini. Ochwo alihamishia godoro lake cha tano, kisha akaleta ngazi, msumeno na maneno mengi. Walipanda wote wawili, wakang'oa misumari ya paa la mwisho, wakayashusha mabati, wakayakata ncha, wakayarudisha yakiwa mafupi. Auma aliwapikia samaki, na akakipata kijiko chake kikiwa na kutu, akakibusu. Jacktone, aliyesema atasimamia tu kwa sababu ana suruali ya ofisi, alijikuta ameshika gata begani mpaka saa saba.

Elinah alikaa ndani kwa Mama Imalingat muda wote huo, mlango umefungwa nusu. Mkwe akiwa juu ya paa na mama mkwe chini, ni nani angejua atazame wapi?

Mchana kazi ilikwisha. Mbingu ilikuwa buluu tupu, hakuna hata wingu la kukopa.

"Sasa mvua tutatoa wapi?" Auma aliuliza.

"Tutainyesha," alisema Norah.

Wakajipanga mstari kutoka kwenye tanki, wakapitisha jerikeni mkono kwa mkono, Mjaluo akimpa Msamia, Msamia akimpa Mkenya wa suruali ya ofisi, yeye akimpa Mjapadhola kwenye ngazi, na Mjapadhola akimpa Mteso juu. Okedi alisimama mguu mmoja juu ya paa la mzee, mguu mwingine juu ya paa la Mama Imalingat, jerikeni kila mkono.

"Mama," Norah aliita, "unaweza kuja."

Elinah alitoka. Alikuwa amejifunika leso kichwani ikaning'inia mbele, kama bibi harusi wa zamani, asije akainua macho akamwona aliye juu. Norah alimshika kiwiko akamwongoza mpaka pale kati ya chumba cha tano na cha sita, akamsimamisha. Mama aliinama akatazama udongo.

"Haya," alisema.

Okedi akainamisha jerikeni zote mbili kwa pamoja.

Maji ya upande wa mzee yalishuka kwenye mikunjo ya bati yakaanguka mbele, yakachimba mstari wake wa vishimo kwenye udongo, yakafika ukingoni yakakoma. Maji ya upande wa Mama Imalingat yakaanguka yenyewe, yakachimba mstari wake. Kati ya mistari hiyo miwili ulibaki udongo mkavu, upana wa kiganja, na hapakuwa na tone lililovuka. Hata Jacktone alikuwa ameshika pumzi, na ndipo Norah alipogundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameishika yake tangu Alhamisi.

Elinah alinyoosha mguu, akaweka kidole gumba kwenye ule udongo mkavu. Akakisugua.

"Ni mkavu," alisema.

"Ni mkavu, mama."

"Nani amevuta haya mabati?"

"Ochwo... na yule wa Tororo."

Elinah aliuacha uso wake chini ya leso. Kisha akaongea kwa sauti ya juu kidogo, kwa udongo, kama mtu anayetoa tangazo kanisani.

"Kwetu Buhehe wako wanawake wenye wakwe wakubwa, wana magari. Hakuna aliyenieleza kwamba mkwe wake alimpandia juu ya nyumba. Mwambieni mwenye kupanda, kuku yule mwekundu ni wake. Na ashuke polepole."

Kutoka juu ilisikika sauti ya Okedi, nene kwa aibu: "Eyalama, mama." Asante hiyo ya Kiteso ilifika chini pamoja na matone ya mwisho. Elinah hakuinua macho, lakini meno yake yalionekana chini ya leso. Akachukua mfuko wake, akatembea mwenyewe mpaka mlango wa mwisho, akaingia.

Bafu lilibaki moja. Auma alilimaliza hilo: alifunga kamba karibu na tanki, akasema leso nyekundu ikining'inia hapo, kila mwanamume akumbuke shughuli nyingine. Okedi kwa upande wake alianza kukohoa kila atokapo mlangoni, kikohozi kikubwa cha lori linalowashwa, mpaka mwenye duka la unga akamshauri aende hospitali.

Jumatatu Norah aliamka mapema, akavaa sketi ya buluu aliyoishona kwa ajili ya siku hii tangu Laban akiwa tumboni. Kifua chake kilikuwa kimejaa maziwa na hofu. Alimnyonyesha Laban mpaka akasinzia na kuamka tena, akampa Okedi, akachukua mkoba, akaenda getini. Hapo miguu ikagoma. Akageuka.

Okedi alikuwa ametandika mkeka mdogo uani, mbele ya pale mapaa mawili yanapoachana. Alimketisha Laban juu yake, akamwekea kifuniko cha sufuria mkononi. Kisha akakohoa kile kikohozi chake, akageuka, akaondoka bila kutazama nyuma, akichukua baiskeli yake.

Mlango wa mwisho ukafunguka. Elinah akatoka, akainama, akamnyanyua mumewe mdogo.

"Yoga!" alisema kwa nguvu, akiuelekezea ukuta. Alikuwa amefundishwa salamu hiyo ya Kiteso na Mama Imalingat, na aliitamka Kisamia kabisa.

Okedi alisimama na baiskeli yake, mgongo umemwelekea. "Mulembe, mama!" akaliambia geti, naye akaitamka Kiteso.

"Wewe mwalimu!" Jacktone alimpigia Norah kelele kutoka dirishani, mswaki mdomoni. "Bado uko? Watoto wa watu wanalia huko!"

Norah akatoka getini, mikono mitupu. Barabarani aliisogeza mara mbili tatu kama mtu anayeizoea, kisha akaanza kutembea haraka.